Januari tunakula mpaka tunagawa, Mei tunahesabu punje: tunakosea wapi?

"Mwalimu habari ya kazi. Sisi tuko upande wa Bweyale, Kiryandongo, Uganda, familia ya watu 7, tunalima mahindi ekari 4, sizoni mbili kwa mwaka. Sizoni iliyopita ilikuwa nzuri, tulipukuchua mwezi wa kwanza tukapata gunia 24 za kilo mia mia. Tukauza 20 kwa broka kwa shilingi 600 kilo, tukabaki na 4 za kula. Ile milioni 1 na laki 2 ikaenda kwa fizi (ada ya shule) za watoto, deni la dukani, mabati, na mzee (mume wangu) akachangia harusi ya mdogo wake. Gunia moja likaliwa na fukusi, lingine tukampa shemeji yangu alipatwa na shida. Mwanzo wa mwezi wa nne stoo ikaisha, na sa hivi mwezi wa tano tunanunua mahindi kilo 1,200, yale yale tuliyouza 600. Kila mwaka ni hivo. Sasa yule broka amerudi anasema atatupa laki 4 leo, sisi tumpe gunia 10 mwezi wa saba. Mama mkwe anasema sisi pesa haitukai mkononi. Je, ni kweli tatizo ni sisi, au tungengoja tu tuuze yote mwezi wa tano? Na huyu broka nimkubalie?"

Asante dada yangu kwa swali, na zaidi asante kwa kuweka hesabu zote, maana watu wengi wananiandikia tu "tunateseka" bila hata namba moja, sasa hapo mtu unajibu nini. Mimi kazi yangu ni kilimo na vikundi vya akiba huku Bunyoro, na stori kama yako naisikia kila mwaka, mwezi wa nne ukiingia tu simu zinaanza. Nimekuelewa hivi: shamba linawapa, ukame haujawapiga, lakini kati ya mavuno na mavuno kuna shimo na kila mwaka mnaingia humo humo. Unataka kujua kama shimo mmelichimba wenyewe, kama dawa yake ni kungoja bei, na kama broka amekuja kuwatoa au kuwasukuma ndani zaidi.

Nianze na mama mkwe, kwa heshima zake zote, hapo sikubaliani naye. Angalia hiyo pesa ilienda wapi. Fizi, deni, mabati, harusi ya ndugu. Labda mzee alikunywa mbili tatu ambazo hukuziandika, hayo ni yenu, lakini vitu vikubwa vyote ni vitu ambavyo mtu yeyote mwenye akili angelipa. Shida ni kwamba vilikuja vyote mwezi mmoja. Unapukuchua Januari, shule zinafungua mwanzo wa Februari, mwenye duka amekuvumilia tangu Novemba na ameshasikia mashine ya kupukuchua inalia kwenu, na watu wanapanga harusi wakati huo kwa sababu ndo wakati kila mtu ana kitu. Kwa hiyo hata kabla hujashika hiyo milioni ilikuwa ishagawanywa na watu wengine.

Alafu kuna bei. Kijiji kizima mnavuna wiki zile zile kwa sababu mvua ni ile ile, kwa hiyo mnauza wiki zile zile, lori moja linazunguka linachagua kwa nani lisimame, na mwenye lori anajua fizi zinakusukuma, basi anakupa 600 na unashukuru. Kufika Aprili na Mei wote mnatafuta chakula kwa pamoja na mahindi ya shambani bado ni ya goti, hapo bei inapanda. Hii haikuanza na nyinyi na haiko Kiryandongo tu. Utafiti wa Marshall Burke na wenzake uliochapishwa 2019 walifuata wakulima wa Kenya magharibi, si mbali na mpaka wetu, wakakuta bei ya mahindi kwenye masoko makubwa kwa kawaida inapanda asilimia 25 mpaka 40 kutoka mavuno mpaka miezi ya njaa, na sehemu za ndani ndani inapanda zaidi. Na wakulima wale wale waliouza chini ndo wanaorudi kununua juu. Kwenu mwaka huu imepanda mara mbili, hiyo ni kali kuliko kawaida, usiichukue kama ndo kipimo cha kila mwaka.

Sasa tufanye hesabu ya chakula, maana hapa ndo kosa lilipo na ni la kurekebishika. Watu 7 wanaokula posho (ugali) kila siku, na maharage na viazi kidogo pembeni, tuseme wanamaliza kilo 2 na nusu za mahindi kwa siku. Gunia la kilo 100 linakaa siku 40. Kutoka katikati ya Januari mpaka mwisho wa Julai ambapo mahindi mapya yameshakauka, hizo ni kama siku 200, yaani gunia 5. Nyinyi mliweka 4. Maana yake hata kama fukusi wasingekula na shemeji asingekuja, mngekwama mwezi wa sita. Wadudu na shemeji wamewaharakishia tu. Mlibaki na gunia 2 za kula kweli kweli, siku 80, na ukihesabu kutoka katikati ya Januari unafika pale pale mwanzo wa Aprili ulipoandika stoo imeisha. Hakuna uchawi, hakuna laana.

Kama mngeweka 7 badala ya 4 (5 za kula, 1 ya ndugu, 1 ya dharura), mngeuza 17, mngepata 1,020,000 badala ya 1,200,000. Pungufu ni 180,000. Na chakula cha kutoka mwanzo wa Aprili stoo ilipoisha mpaka mwisho wa Julai, gunia 3, kinawagharimu kama 360,000 kwa hiyo bei ya 1,200. Kwa hiyo mliuza gunia 3 kwa 180,000 mkaja kuzinunua tena kwa 360,000, punje kwa punje, na mara nyingi mnanunua kidogo kidogo kwa kilo ambapo muuzaji anaongeza na mizani yake Mungu ndo anaijua.

Utauliza, mbona hatukuona hilo Januari, ni hesabu ya darasa la nne. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Mtu mwenye gunia 24 ndani ya nyumba hawezi kuisikia njaa ya mwezi wa tano, anaijua kichwani lakini haisikii, gunia 4 zikiwa zimesimama pale kwenye kona zinaonekana ni nyingi. Na mtu aliye kwenye mwezi wa tano naye hana nafasi ya kufikiria Januari, kichwa chote kiko kwa leo jioni tutapika nini. Watafiti Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na wenzao walichapisha 2013 kazi waliyofanya na wakulima 464 wa miwa kule Tamil Nadu, India. Waliwapa watu wale wale majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno wakiwa wamebanwa, na tena baada ya mavuno pesa ikiwa imeingia. Mtu yule yule alifanya vibaya zaidi akiwa amebanwa. Wataalamu wengine baadaye wamebishana athari hiyo ni kubwa kiasi gani, lakini mimi ninayekaa na wakulima mwaka mzima naiamini kabisa, naona mkulima mzuri Mei anakubali mkataba ambao Februari angeucheka.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama pale: maamuzi ya Mei yafanyeni Januari, na Januari yenyewe iwe kabla lori halijafika, kabla hujajua bei. Siku ya kupukuchua, gunia za kula zinafungwa kwanza, zinaingia ndani, zinahesabiwa mbele ya mzee na watoto wakubwa, ndo zinazobaki zinakuwa "mahindi ya kuuza". Wengi wanafanya kinyume, wanauza mpaka shida zimetulia alafu kinachobaki ndo chakula, na shida hazitulii.

Sasa swali lako la pili, mngengoja muuze yote mwezi wa tano? Hapana, na hili wengi wananikasirikia. Kwanza fizi hazingoji. Pili bei haijasaini mkataba na mtu. Mwaka 2018 mahindi yalijaa nchi nzima na kilo ilianguka chini ya shilingi 300 sehemu nyingi, waliokuwa wamehifadhi wakingoja ipande walilia. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya sumu ya kuvu, waliyafungulia tena baada ya siku chache kwa masharti, ila aliyekuwa na tani stoo wiki ile alitetemeka. Kuhifadhi chakula chako ni jambo moja, kuhifadhi ili ufanye biashara ya bei ni lingine, hilo la pili ni kamari ndogo na unatakiwa ulicheze na gunia ambazo ukizipoteza hutalala njaa. Kwenye ule utafiti wa Kenya, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliuza kidogo wakati ule, wakauza zaidi baadaye wakapata faida, lakini pale ambapo watu wengi wa eneo moja walipewa mkopo, tofauti ya bei yenyewe ilipungua. Yaani mkingoja wote, faida ya kungoja inayeyuka. Kwako wewe ningesema ukishatoa zile 7, labda uweke 3 au 4 za kungoja bei, nyingine uza zilipe fizi, hakuna aibu kuuza kwa 600 kama 600 hiyo inamrudisha mtoto darasani.

Wahenga wanasema akiba haiozi, lakini hawakuwa wanaongelea mahindi yenye unyevu. Hilo gunia la fukusi ni laki moja na elfu 20 kwa bei ya leo, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Mahindi yakitoka shambani yana maji mengi, mara nyingi asilimia 20 na kitu, na ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke mpaka 13 na nusu hivi. Kung'ata kwa meno kunasaidia ila kunadanganya. Tumia chumvi: chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, weka chumvi kavu kabisa vijiko viwili au vitatu, ongeza mahindi yafike kama theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi yako yamezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda yako chini ya 15, na bado mimi ningeyaanika siku moja au mbili zaidi. Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo wala pembeni ya barabara, na wingu likija funika haraka.

Kwa nini nasumbua hivi kuhusu unyevu? Kwa sababu ya kuvu anayetoa aflatoksini. Sumu hiyo huioni, haina ladha, na kuchemsha posho haiiondoi. Kenya mashariki mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wengi yalikuwa mahindi yao wenyewe ya nyumbani waliyohifadhi vibaya. Punje zenye ukungu, zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu, zichambue zitupwe, na usimpe kuku ukidhani umeokoa, kuku naye anaathirika.

Yakishakauka ndo unapambana na wadudu. Kama unaweza nunua ile mifuko isiyopitisha hewa, wengi wanaiita PICS, ina plastiki mbili ndani na gunia la kawaida nje. Ilianzia kwa kunde Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa chuo cha Purdue cha Marekani ndo waliitengeneza, na sa hivi inapatikana kwa maduka mengi ya pembejeo. Kazi yake ni rahisi: fukusi wanapumua kama sisi, ukitoa hewa ukafunga kila tabaka peke yake kwa nguvu, wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakufa, bila dawa yoyote. Lakini mahindi mabichi humo ndani yataoza, na panya akitoboa kazi imeisha, kwa hiyo weka juu ya mbao na mbali na ukuta. Usifungue fungue kila siku, fungua gunia moja, mle hilo mpaka liishe, ndo ufungue lingine. Bei yake ni ya juu kuliko gunia la kawaida, hilo nakubali, ila hata ikikutoka elfu 10 kwa mfuko, linganisha na gunia zima ulilowapa wadudu bure. Ukiamua dawa ya unga, nunua ya kuhifadhia nafaka iliyo kwenye pakiti yake, usichanganye ile ya kupulizia shambani. Na vile vidonge vya kufukiza visiingie kabisa kwenye nyumba mnayolala, gesi yake inaua familia usiku mmoja, sitanii.

Jambo lingine, gunia 24 za mahindi si usalama kama ni mahindi peke yake. Ekari 4 zote mahindi ni nyingi dada. Toa hata robo ekari weka muhogo, unakaa ardhini unakungoja mwaka na zaidi, na fukusi hawaufikii. Tafuta tu mbegu kwa shamba ambalo halina ugonjwa, maana batobato na michirizi kahawia imemaliza mihogo ya watu. Wenzetu wa Teso viazi vitamu vikijaa wanavikata vipande wanaanika, wanaita amukeke, au wanaviponda wanaanika inakuwa inginyo, vinakaa miezi kiangazi kizima. Wakati wa viazi vingi sisi huku tunavigawa mpaka nguruwe wanavikataa, alafu miezi mitatu baadaye tunavinunua kwa fungu.

Upande wa pesa, kikundi cha akiba sidhani hamna, karibu kila kijiji kipo. Huu mtindo wa vikundi, ambavyo siku hizi vina boksi lenye kufuli 3 na funguo kwa watu 3 tofauti, ulianzia Maradi, Niger, 1991, chini ya shirika la CARE, na umesambaa kwa sababu unafanya kazi. Ila kuna kitu kimoja kinanisumbua, vikundi vingi vinagawana Desemba. Desemba! Yaani pesa ya mwaka mzima inaingia wiki chache kabla ya mavuno, juu ya Krismasi, neema inaongezwa juu ya neema, na Aprili boksi ndo kwanza limeanza upya halina kitu. Hakuna sheria inayosema lazima Desemba, mzunguko mnaupanga wenyewe. Kama wanakikundi wengi ni wakulima, pelekeni wazo la kuweka nguvu Januari na Agosti mkiwa na pesa, na kugawana mwishoni mwa Aprili, wakati wa chakula na palizi, na fizi za muhula wa pili ziko karibu. Watabisha kwa sababu ya sikukuu. Wabishane, ila wazo lisikike.

Na mbegu na mbolea za Machi nunueni Januari ile ile. Watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi Busia upande wa Kenya, wakachapisha 2011: wakulima waliofuatwa mara tu baada ya mavuno wakaambiwa "lipa sasa mbolea tutakuletea wakati wa kupanda" walinunua zaidi, karibu sawa na wale waliopunguziwa bei nusu baadaye. Walitaka mbolea siku zote, ila Machi pesa ilikuwa ishaondoka.

Kuhusu harusi na shemeji, sitakwambia mfunge mkono. Nimesoma washauri wengine wanasema ndugu ndo wanaturudisha nyuma, mimi naona hawajawahi kuuguliwa na mtoto usiku mvua inanyesha boda inataka elfu 30. Gunia ulilompa shemeji ni bima, siku yako ikifika atakumbuka. Ila bima ina kiwango. Ndo maana nimesema gunia 1 la ndugu liwekwe tangu mwanzo na lijulikane, likiisha unamwambia mtu kwa uso mkunjufu "ya mwaka huu imeisha". Na mzee mshirikishe kwa hesabu, usimshirikishe kwa lawama. Ukimwambia "ulimaliza pesa kwa harusi ya ndugu yako" mtalala mmegeukiana, ukimwonyesha hizo siku 40 kwa gunia kwenye karatasi atakaa ahesabu na wewe, wanaume wengi ninaowajua wanapenda kuhesabu magunia.

Tuje kwa hii Mei uliyonayo. Msipunguze chakula kwa kubahatisha, maana kwa kawaida anayepunguza ni mama, na mama akiwa mjamzito au ananyonyesha ndo wa mwisho anayetakiwa kupunguza. Kama mna mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, mpeleke kwa VHT (mhudumu wa afya) wa kijiji ampime mkono kwa ile tepu ya rangi, ni bure na ni dakika moja. Njano (chini ya sentimita 12.5) mpeleke kituo cha afya wiki hiyo, nyekundu (chini ya 11.5) mpeleke siku hiyo hiyo. Na kama miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kinabaki kishimo, nenda leo hata kama mkono wake unaonekana mnene, na hata kama anacheza. Hapo hakuna ushauri wa maandishi unaotosha. Pia msile mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi, hata ukiosha mara tano, na kama mnapata muhogo mchungu msikatishe siku za kuloweka na kuanika kwa sababu ya haraka, sumu yake ikibaki inaweza kupooza miguu ya mtoto moja kwa moja.

Sasa broka. Laki 4 kwa gunia 10 ni shilingi 400 kilo. Tuseme Julai bei ni mbaya kabisa, 500, bado umempa laki 5 kwa laki 4 ya miezi miwili. Ikiwa 700, umempa laki 7, yaani riba ya laki 3 kwa laki 4, asilimia 75 kwa miezi miwili, na hakuiita riba hata mara moja. Linganisha na kikundi hata kama kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, ambayo ni ghali: laki 4 ingekutoza elfu 80. Tena gunia 10 zikiondoka Julai kabla hujaweka za kula, umeshaandika njaa ya Novemba. Kwa hiyo jibu langu ni usikubali hivo alivoileta.

Lakini najua kusema hapana hakupikiki. Kwanza uliza nyinyi mnahitaji ngapi kweli, maana 400,000 ni namba yake, si yenu. Chakula cha hapa mpaka mahindi mabichi yaanze kuiva, na palizi, labda ni 200,000. Hiyo nenda kwa kikundi kwanza. Kikundi kikiwa kikavu, kibarua cha siku chache au mbuzi mmoja auzwe, mbuzi anauma roho lakini hana riba. PDM (mpango wa serikali wa mikopo ya parishi) nayo kama jina lenu liko kwa SACCO ya parishi, ile milioni 1 kwa asilimia 6 kwa mwaka, fuatilia kwa parish chifu mapema ila kwa kilimo cha sizoni ya pili, msiitegemee kwa posho ya wiki hii. Mkopeshaji binafsi akija, uliza leseni yake ya UMRA (mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo), na asishike karatasi za shamba wala laini yako ya simu. Na kama mtasaini chochote kinachogusa ardhi, kabla ya kusaini nenda na mzee mkaonane ana kwa ana na mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) na mtu wa sheria, wilayani wanaweza kuwaelekeza.

Kama njia zote zimefungwa na amebaki broka tu, basi rudi kwake na lugha nyingine: mpe gunia 3, si 10, kwa bei ya soko ya siku ya kuchukua ukiondoa kiasi mtakachokubaliana kwa kila kilo, iandikwe mbele ya shahidi, na achukue baada ya mahindi kukauka na kupimwa kwa mizani ambayo na wewe umeiangalia. Wengine wanakataa. Wengine wanakubali haraka kuliko unavofikiri, kwa sababu naye Julai anatafuta mahindi makavu na anajua shamba lako linatoa.